Mama Vichochoro

Simu ilipolia, mdogo mtu alikuwa akipiga pasi gauni la dada yake, la kuvaa siku ya kutoka hospitali. Muuguzi akamwambia kwa upole kwamba dada amepumzika. Akazima pasi, akalikunja gauni vizuri.

Mama Vichochoro ni jina alilobandikwa dada huyo kazini kwa kejeli, naye akalibeba kifua mbele. Kazi yake ilikuwa kupunguza ramani ili zienee kwenye kioo cha simu. Kioo ni kama kiganja, mji ni mji. Lazima kitu kitoke. Alinyoosha kona za barabara, akaunganisha nyumba zilizobanana zikawa doa moja, akafuta majina yasiyo na kazi, wala hakuona huruma. Ila bosi alipotaka vichochoro vya mtaa wao vitolewe, eti vinachafua kioo, aligoma.

"Toa maegesho," alimwambia. "Toa bustani ya hoteli. Huo unaouita uchafu ndimo tunamolala."

Hakuwa mbishi wa bure. Baba yao alikata roho kitandani huku gari la wagonjwa likizunguka barabara kuu, maana kwenye simu ya dereva mtaa wao ulikuwa doa la kijivu. Kwa hiyo kila ramani mpya ilipofuta kichochoro chao, dada alikirudisha: mstari mwembamba, kutoka bomba la maji kando ya barabara kuu hadi mlangoni kwao. Kazini wakamhamisha meza, wakamnyima cheo. Mstari ukabaki.

Siku ya mazishi, mjomba alitaka kwenda bombani kumwelekeza dereva wa gari la maiti, aliyekuwa mgeni wa mtaa. Mdogo mtu akamzuia.

"Mwache, mjomba. Dada ameshamwelekeza."

Wanawake wakanong'ona kwamba msiba umemchanganya. Yeye akasimama mlangoni, akiomba kimoyomoyo: Mungu, leo usiniaibishe. Gari likakata kona bombani, likakunja vioo vya pembeni, likaja taratibu hadi mlangoni. Nyuma yake alikuja bosi kwa miguu, simu mkononi.

Mdogo mtu akapokea pole yake, kisha akasema, "Ule mstari, bosi, usiuguse."

"Hauguswi, dada."

Jeneza likawekwa sebuleni. Ndani, dada alikuwa amevaa lile gauni. Wakasali, wakamuaga mmoja mmoja, mama yao akawa wa mwisho. Kisha wakambeba hadi makaburini, wakamzika, wakamkabidhi kwa Mungu, wakarudi nyumbani kwa kupitia bombani.