Magoti ya Mwalimu Phelesia

Baridi yabisi ilimwanza Mwalimu Phelesia vidoleni, mwaka wa 1993, alipokuwa na miaka arobaini na sita. Kisha ikashuka magotini na kupiga kambi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa akifundisha darasa la tatu ameketi, yeye aliyekuwa akilinda goli la netiboli katika timu ya walimu wa kike, na kufunga vifungo vya blauzi peke yake kulimchukua karibu nusu saa.

Kila mtu pale Rongo alimwambia apumzike. Majirani walimchotea maji. Mumewe Cephas, fundi seremala na mzee wa kanisa, mtu asiyependa maneno mengi, alimtengenezea kiti chenye mikono. Hata binti yao Liz, aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni kule Asumbi, aliandika barua kumwomba mama asijisumbue kuja siku ya wazazi, baba peke yake atatosha. Barua hiyo ilimuuma Phelesia kuliko magoti.

Siku moja akajikokota hadi kliniki ndogo ya misheni kutafuta sindano. Huko alimkuta Onsongo, kijana wa Kisii aliyesomea kunyoosha viungo. Onsongo alimbonyeza magoti, akamuuliza amekaa kitako tangu lini. Miezi minane, akajibu. Kijana akatikisa kichwa, akampeleka nyuma ya jengo. Pale palikuwa na baiskeli kuukuu aina ya blekmamba iliyoinuliwa kwenye stendi ya mbao, gurudumu la nyuma likining'inia.

Phelesia alidhani anataniwa. Onsongo akamweleza taratibu kwamba mtu akitembea, goti hubeba mwili mzima, lakini kwenye baiskeli kiti ndicho kibebacho, goti kazi yake ni kuzunguka tu. Vidonge ataendelea kumeza. "Ila Mwalimu, kiungo kinacholala huganda," akasema. "Leo dakika tano tu."

Dakika mbili za kwanza zilikuwa moto mtupu. Ya tatu, kitu kikaachia ndani ya goti la kulia, kama mlango uliovimba kwa mvua unaposukumwa ukakubali. Joto zuri likapanda hadi kiunoni. Phelesia akaanza kucheka, na hakuweza kujizuia hata muuguzi alipochungulia dirishani kuona kulikoni.

Akawa anakwenda mara tatu kwa wiki. Miezi mitatu baadaye alikuwa akikanyaga dakika ishirini, na hapo ndipo uchu ulipomshika. Alimwambia Onsongo kwamba kwa jinsi alivyokanyaga angekwisha kufika Awendo, lakini kila akishuka bado yuko nyuma ya choo cha kliniki. Je, hawezi kupanda baiskeli inayokwenda? Onsongo alisema magoti yanaruhusu, ila kwa ardhi hawezi kumdhamini.

Jioni hiyo alimwambia mumewe. Cephas akasema kwamba upande ule mwanamke wa umri wake hubebwa nyuma, haendeshi. Wakalala bila kulizungumza tena. Asubuhi Cephas alikwenda kazini kwa miguu. Phelesia alipotoka nje aliikuta baiskeli ya mumewe imeegemea ukuta, kiti kimeshushwa, vishikio vimezungushiwa vipande vya tyubu viwe vinene, vidole vyake vilivyokakamaa viweze kuvishika.

Wakafanya mazoezi uwanja wa shule, alfajiri, kabla watoto hawajafika. Phelesia alivaa suruali ya Cephas ndani ya rinda. Wiki ya kwanza alianguka mara nne. Jirani yake Bonareri, akimwita mama Liz kwa Kijaluo, alimuuliza, "Min Liz, na ndevu zitaota lini?" Phelesia akamjibu kwamba zikiota atamwita amnyoe. Jumamosi ya tatu Cephas aliachilia kiti bila kusema. Phelesia akazunguka uwanja mzima akidhani ameshikwa, na alipogeuka kumwona mumewe amesimama mbali karibu na goli, moyo ulimruka kama wa msichana. Akazunguka tena, na tena.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Kulikuwa na asubuhi alizoamka viungo vimefura, na siku hizo alijifunza kutoshindana navyo. Alikunja na kukunjua miguu kitandani, akangoja.

Siku ya wazazi ya Juni 1995 aliamka mwepesi. Alikubaliana na Cephas kwamba atatangulia kwa baiskeli, naye afuate kwa gari la abiria na chakula. Akashika barabara ya kuelekea Homa Bay, upepo ukilijaza rinda, akipiga kengele hata pasipo na mtu. Kwenye mlima mmoja goti la kushoto likakaza. Akashuka, akasukuma, kisha akaketi kando ya barabara akilikunja na kulinyoosha kama alivyofundishwa. Aliwaza kungoja gari atakalopanda Cephas. Alilingoja kidogo, kisha akaona mbele yake barabara inateremka ndefu, nyeupe kwa jua, akapanda tena.

Langoni Asumbi, mlinzi alimuuliza ameleta mzigo gani.

"Nimeleta mzazi," akasema.

Liz aliitwa. Alipomwona mama yake, vumbi hadi kwenye nyusi, mkono juu ya usukani, alisimama ghafla. Nyuma yake wasichana wenzake walikuwa wakitazama. Phelesia, ambaye hakuogopa mlima, sasa akaogopa.

"Umetoka nayo wapi?" Liz akauliza.

"Nyumbani."

"Kwa hayo magoti?"

"Kwa haya haya."

Liz akaichukua baiskeli mikononi mwake. Badala ya kuiegemeza langoni, aliisukuma kuzunguka mabweni yote, kwa njia ndefu kuliko zote, akiwaambia hata wasiouliza kwamba huyu ni mama yake na ametoka Rongo asubuhi hii. Cephas alipofika na sufuria ya kuku, alimkuta mkewe amezungukwa na wasichana wanaopokezana kupiga kengele.

Ugonjwa haukumtoka. Novemba ile ulimlaza wiki tatu, na aliporudi kwa Onsongo alianza upya na dakika tano, akinung'unika. Lakini alikuwa ameshajua njia. Mwaka wa 1997, likizo ya Agosti, alifika Homa Bay kwenyewe kwa baiskeli, akavua viatu, akasimama ziwani maji yakimfika chini kidogo ya magoti, akakaa humo hadi Cephas, aliyekuwa amemfuata kwa gari, alipomwita mara ya tatu.