Tai ya Kwaya Kasinoni

Miaka ile ya tisini nilikuwa mfasiri wa filamu katika kibanda cha video, Mukuru kwa Njenga. Shule niliiacha mapema, Kiingereza nikakiokota njiani, lakini nikishika kipaza sauti vibarua wa viwandani walisahau uchovu wa zamu. Walichopenda zaidi ni filamu za kasino: wanaume wenye tai za kipepeo, hawacheki, na lazima mmoja apigwe risasi mezani. Niliyaeleza hayo kama mtu aliyezaliwa humo.

Siku moja kibarua wa kiwanda cha sabuni akaropoka kutoka benchi la nyuma, "Buda, umewahi kuingia kasino, ama unatubeba ufala, unatuona wajinga?"

Kibanda kizima kikanigeukia. Mwenye kibanda akatoa hukumu: niende kasino ya mjini Jumamosi, kibarua huyo awe shahidi. Nikionekana mgeni huko, kazi sina.

Niliazima suti nyeusi na tai ya kipepeo ya kwaya ya kanisa letu. Shahidi akaja na sweta. Tuliingia saa nane mchana. Wenye tai walikuwa wahudumu peke yao. Akina mama walikaa mbele ya mashine kama wanaosubiri kuitwa na daktari, na mzee mmoja alisinzia amekumbatia mwavuli. Nikasimama kwa hadhi, bila kucheka, kama kwenye filamu.

"Kijana, chai yangu iko wapi?" mama mmoja akaniuliza.

"Mama, mimi si..."

"Na usisahau sukari."

Nikampelekea. Meza ya pili nayo ikaagiza. Kufikia saa kumi nilikuwa nimenywesha nusu ya kasino, na msimamizi alinikemea kwa kuchelewesha sandwichi. Shahidi naye aliomba kikombe cha pili.

Jioni nilisema ukweli kibandani: kasino ni kama foleni ya zahanati, ila chai yao ni nzuri.

"Toka hapa! Huyu hajafika!" vibarua wakapiga miluzi.

Shahidi akainuka polepole, akafunga vifungo vya sweta, uso mkavu. "Taa ziliwaka kama jua," akaanza. "Kisha mwenye tai akaingiza mkono kotini..."

Kibanda kizima kikamgeukia yeye. Mwenye kibanda akaninyang'anya kipaza sauti, akampa yeye. Nami nikaenda kukaa benchi la nyuma, pale pale alipokuwa akikaa, nikinyoosha shingo nijue nani atapigwa risasi.