Kumsindikiza Mama Mpaka Stesheni

Kwetu mgeni haagwi mara moja. Anaagwa sebuleni, anaagwa mlangoni, kisha unamsogeza mpaka barabarani, na huko barabarani ndiko mambo yenyewe yanakosemwa. Mtu anaweza kushinda kwenu tangu asubuhi, akanywa chai, akala wali, akasifia mapazia, asiseme lililomleta. Mkishafika njiani, mkoba uko kwapani, ndipo anasema, "Kuna kitu nilitaka tuongee." Nimelelewa hivyo, na nilidhani dunia nzima iko hivyo mpaka siku nilipomsindikiza mama kwenye treni ya umeme.

Nianze na kosa langu. Mama alikuwa akiishi nasi Magomeni: mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Jioni moja tukiwa tunakula nikalalamika kwamba nyumba imebana, watoto wanakua, mtu hana hata pa kuweka mguu. Mimi nina mdomo. Nauza mapazia Kariakoo, na asiye na mdomo pale hauzi hata kamba ya kufungia. Mama akainuka, akaondoa vyombo. Asubuhi akatangaza kwamba anahamia Dodoma kwa dada yake, moja kwa moja, na tiketi nimkatie ya Jumamosi.

Iliniuma sana. Nilitaka kumwambia "Mama, usiende" siku ile ile. Lakini neno zito kama hilo halisemwi jikoni mtu akichambua mchele. Nikalitafutia mahali pake, nikapapata: mlangoni pa behewa. Yeye amesimama juu, mimi chini, treni inataka kuondoka, ndipo namwambia ashuke turudi nyumbani. Utotoni tuliwasindikiza watu hivyo hivyo stesheni ya zamani. Mikate tuliipitisha dirishani, na tuliongea mpaka behewa lilipoanza kutembea, wengine wakikimbia nalo.

Jumamosi tukatoka watu saba, sisi watano na majirani wawili, wote akina mama. Kituo cha mabasi ya mwendokasi huingii bila kulipa, hata kama huendi popote, kwa hiyo majirani wakalipa nauli ya kwenda kituo cha Gerezani na kurudi ili tu wamuage mtu. "Ningejua kuaga kuna nauli ningemuaga jana," mmoja akasema, akaingia hivyo hivyo.

Gerezani ndiko basi linakoishia, na kutoka hapo stesheni ya treni ni kutembea tu. Tuliposhuka, yule jirani mwenye maneno akamvuta mama pembeni akamwambia binti yake ameposwa. Alikuwa kwetu tangu alfajiri, amefunga mizigo, amekunywa chai vikombe vitatu, hakugusia. Mama akapiga kigelegele katikati ya abiria. Nikatabasamu. Nikaona utaratibu wetu bado unafanya kazi.

Majirani wakarudi. Mtoto mdogo akaanza kulia kwa jua kali, mke wangu akamuaga mama, akabaki na watoto kivulini. Tukawa wawili, mimi na mama, na begi la magurudumu lililokosa gurudumu moja.

Dakika kumi nzima tulitembea peke yetu. Tukaongelea joto. Mama akauliza kama lile pazia la bluu limepata mteja, nikasema bado. Alinitazama mara mbili tatu kama mtu anayengoja kitu. Nilijua anachongoja. Nikasema moyoni, subiri kidogo mama, behewa bado.

Stesheni mpya ni nzuri, sina ugomvi nayo. Vioo kila mahali, sakafu unaweza kujitazamia. Kwenye ukaguzi alikuwepo binti mmoja wa ulinzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akalinganisha tiketi na kitambulisho, akapitisha begi kwenye mashine, akakodolea macho kioo chake. "Mama, hivi viduara sita ni nini?"

"Nazi. Dodoma wana zabibu, nazi hawana."

Binti akacheka, akampitisha. Nikafuata. Akaninyooshea kiganja.

"Kaka, tiketi?"

"Mimi nasindikiza tu. Naishia mlangoni pa behewa."

"Wasindikizaji mwisho hapa, kaka."

"Nina neno moja tu la kumwambia."

"Si umwambie hapa hapa, broo," kijana mmoja kwenye foleni akadakia. "Tuwahi bwana!"

Mama alikuwa ameshafika ng'ambo ya mashine, anapokea begi lake. Nikafungua huu mdomo wangu unaosifika, usitoe kitu. Nikajaribu tena. Safari hii ikatoka sauti ile ile ninayonadia mapazia.

"Mama, usiende!"

Foleni nzima ikanitazama. Mama akageuka.

"Sasa ndiyo unasema?"

"Nilikuwa nasubiri tufike kwenye behewa."

"Na mimi nilikuwa nasubiri tangu usiku ule, baba." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Yangu yalikuwa yameshamwagika.

"Rudi basi, mama. Nyumba haijabana. Ni mdomo wangu tu."

Akalitazama begi, akazitazama ngazi za umeme. "Begi limeshapita, mwanangu. Na dada yangu ameshachinja kuku."

Akapanda, ameshika ukingo kwa mikono miwili kwa sababu ngazi zile anaziogopa. Sikuwa karibu nimshike. Binti wa ulinzi akaniomba nisogee pembeni, nikasogea, nikajichukia kwelikweli.

Baada ya muda simu ikaita. Mama.

"Nikae huko siku ngapi?"

"Wiki moja, mama."

"Wiki moja ni kumdharau dada yangu. Mwezi."

"Wiki mbili. Nakuomba."

"Tatu," akasema, na mimi ambaye kazi yangu ni kubishana bei sikuongeza neno.

Nyuma yake nilisikia watu wakiulizana namba za viti.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Lile ulilosema mbele za watu."

Binti wa ulinzi alikuwa akinitazama, na foleni mpya ilikuwa imeshajipanga. Nikasema, "Usiende, mama."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuwa akilia.

"Treni imeshaanza kutembea," akasema. "Wewe endelea kusema."