Mwimbaji Hajulikani

Mhusika wa kosa hili ni mimi, karani mstaafu wa masjala. Nilihamishia sidii zetu zote kwenye kompyuta, nikajaza jina la mwimbaji wa kila wimbo kwa kunakili kava, bila kusikiliza hata mmoja. Sidii moja haikuwa na kava. Nikaandika "Hajulikani", maana masjala hatuachi nafasi wazi.

Jana binti yetu alizipiga nyimbo hizo dukani kwake Kariakoo. Sauti laini ya mwanamke ikapanda, na neno langu likatokea kwenye skrini. Mke wangu akalisoma.

"Baba Neema, mimi ndiye nisiyejulikana? Si ulinisindikiza kwaya kila Jumamosi?"

"Mzee, umeumbuka!" mteja akacheka.

Mke wangu akanishika mkono.

"Nataka maelezo yako kwa maandishi, ndani ya siku saba."