Ua la Mlimani kwenye Kaburi la Violet

Jirani yangu Kasiana, ambaye hapa Matogoro tunamwita Mama Violet, si mtu wa kuomba kitu. Chumvi ikimwishia, anakula mboga chapwa. Nyumba zetu mbili ndizo za mwisho kabla ya msitu, na kwa miaka yote hajawahi kunigongea mlango. Kwa hiyo Novemba ile aliponijia na kusema, "Baba Getruda, naomba unisaidie kuchimba," niliacha nilichokuwa nakifanya nikachukua sururu.

Violet alikuwa mwanawe wa pekee. Alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, kwa homa ya wiki mbili tu. Alipokuwa mdogo, kila akitumwa kuni alirudi na kuni chache na maua mengi, na viboko alivipata. Ua alilolipenda zaidi linaota juu kabisa, kule msitu unakoishia na kubaki nyasi na mawe. Ni kichaka kisichofika kiunoni, shina limekuwa jeusi kwa moto unaopita kila kiangazi, majani magumu kama ngozi. Lakini likichanua linajaza kiganja, jeupe lenye wekundu pembeni, na mbawakawa wanalala humo kama wapangaji. Sisi tunaliita ua la mlimani, basi. Hatukujisumbua kulitafutia jina jingine.

Kila Siku ya Marehemu, sisi wengine tukipeleka makaburini maua ya plastiki ya sokoni, Mama Violet alipanda mlima kumchumia mwanawe. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Safari hii alikuta mteremko wote umefyekwa, mashimo ya kupandia mipaina ya mbao yamejipanga mistari. Kilichosalia ni kichaka kimoja kichanga, katikati ya mawe mawili.

Tulikichimba asubuhi nzima, maana mzizi wake ulikuwa umeshuka chini sana. Tukakibeba na udongo wake kwenye kiroba, tukakipanda kichwani pa kaburi. Baada ya wiki mbili kikatoa majani mawili mapya. Mama Violet akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba ule, na nakiri nilivimba kichwa.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza. Huku kwetu hindi lisilotiwa mbolea ya kupandia ni bua tu. Mvua zilipoanza nilipanda shamba langu, mbolea kizibo kimoja cha soda kila shimo, kama kawaida. Nikakikumbuka kichaka. Nikapita makaburini nikakitilia vizibo vitano, kwa upendo, nikafukia. Sikumwambia mwenyewe. Nilitaka ashtukie tu kimechanua.

Majani yakaanza kukauka pembeni. Nikasema kina njaa, nikaongeza vitatu. Kufika Krismasi kilikuwa kijiti.

Januari nilimuuliza bwana shamba wetu, Aidan, nikijifanya naulizia jambo la mtu mwingine. Akasema mimea ya kule juu imezoea udongo maskini, mizizi yake inafyonza kila inachokikuta. Ukiitilia mbolea ya mahindi unaiua.

"Nani huyo aliyefanya ujinga huo?" akauliza.

Nikasema simjui vizuri.

Nilimkuta Mama Violet kaburini, ameinama anang'oa magugu. Kile kijiti alikuwa hajakitoa.

"Ni mkono wangu, Baba Getruda," akasema. "Una mkosi. Ninachokipenda hakikai."

Ningeweza kunyamaza, na Mungu anajua nilitamani. Lakini nilishindwa kumwona akibeba dhambi yangu. Nikamweleza yote, mpaka idadi ya vizibo.

Aliendelea kung'oa magugu mpaka akamaliza upande ule wa kaburi.

"Ungeniacha niulaumu mkono wangu," alisema mwishowe. "Huo nilishauzoea. Sasa umenifanya nikuchukie na wewe, na jirani mwingine sina."