Sheria Ilimpa Haki, Mdogo Wake Akamnyima Salamu

Saa moja asubuhi, kivuko kinaacha gati kikiwa kimejaa wanafunzi, wauguzi waliotoka zamu na baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Kwenye chumba cha usukani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni anabonyeza honi mara tano, fupi fupi. Mbele yake, mashua ya injini inashtuka na kupinda.

"Hakuniona," anasema, macho hayabanduki majini. "Au aliniona akadhani nitampisha. Yote mamoja."

Abiria wamembatiza Bi Honi. Wapo wanaomtania kwamba hata samaki akikatiza atampigia. Naye hucheka nao. Wengi hawajui mazoea hayo yalianzia wapi.

Sheria yenyewe ni nyepesi kuitamka. Vyombo viwili vinapokatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye apishe. Yule mwingine ashike njia na kasi yake, asiyumbe, ili anayepisha ajue pa kupita. Lakini akiona hapishwi na hatari imekaribia, naye ni lazima achukue hatua.

"Watu hukumbuka nusu ya kwanza," anasema. "Mimi nusu ya pili ndiyo iliyonitoa machozi."

Miaka saba iliyopita, mchana kweupe, maji yametulia, boti ya mchanga ilimjia kutoka kushoto. Aliitambua kwa rangi yake. Mwendeshaji alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika usukani.

"Nikajisemea, huyu anajua, atapisha. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Angekuwa mtu baki ningegeuza mapema. Kwa kuwa ni shemeji, nikamwamini."

Shemeji alikuwa ameinamia injini iliyokuwa ikikohoa. Alipoinua kichwa, kivuko kilikwisha kukata kulia na kurudisha injini nyuma, lakini chombo kizito hakisimami kama mtu. Ubavu wake uliigonga boti, mguu wa yule bwana ukabanwa.

Wachunguzi walisema nahodha wa kivuko alifuata sheria na alifanya alichoweza. Hakuadhibiwa. Shemeji alikatwa mguu chini ya goti, na kibarua chake kikaota nyasi.

Bi Honi alipokwenda hospitali na chupa ya chai, mdogo wake alimzuia mlangoni.

"Wamesema huna kosa, Dada," alimwambia. "Basi rudi nyumbani na haki yako."

Tangu siku hiyo, wawili waliokuwa chanda na pete hawajasalimiana. Hata mama yao alipozikwa, walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja analia kivyake.

"Wangeninyang'anya leseni, halafu yeye akaniita Dada kama zamani, ningeshukuru," anasema. "Nilipewa haki, nikanyimwa ndugu."

Sasa anakaribia kustaafu. Kila Jumamosi huwafunza waendesha boti ndogo katika ghala la zamani la nyavu, akisogeza vifuniko vya chupa mezani kana kwamba ni vyombo. Akistaafu, anataka hiyo iwe kazi yake yote.

Jumamosi iliyopita, somo likiendelea, shemeji aliingia kwa magongo, akakaa benchi la nyuma. Mwanafunzi mmoja, asiyemjua, akauliza: katika ile ajali ya kivuko na boti ya mchanga, nani alikuwa na haki ya njia?



"Yeye," shemeji akajibu, akimwonyesha mwalimu kwa kidevu. "Haki yake, mguu wangu. Sasa msikilizeni."

Bi Honi aligeukia dirishani apanguse miwani. Ndipo alipomwona mdogo wake nje ya geti, ameligeuzia ghala mgongo, akimngoja mumewe.

"Hakuingia," anasema, akipunguza mwendo kukaribia gati. "Lakini alimsindikiza mpaka pale, na njia ni ndefu kwa mtu wa magongo. Jumamosi hii nitaongeza kiti cha mdogo wangu. Nitakiweka karibu na mlango, asipate tabu ya kuja mbele."