Kurasa Mbili za Mama

Juzi, maktabani Likoni, mbele yangu alisimama bibi mmoja na mjukuu wake wa kike. Bibi aliweka kitabu cha hadithi kwenye kaunta, mbele ya mhudumu.

"Mwanangu, tumekirudisha. Twataka kukiazima tena."

"Hiki hiki, bibi? Vipya vimejaa pale."

"Mamake ndiye aliyekuwa akimsomea. Akapata kazi Saudia, akaenda hawajamaliza."

Mhudumu alikifungua palipotiwa karatasi ya peremende. "Kumbe zimebaki kurasa mbili tu! Njoo nikusomee."

Mtoto akaziba masikio kwa viganja. "Sitaki! Mama atanimalizia mwenyewe."

"Kwani mama arudi lini?"

Mtoto akamtazama bibi. Bibi akaanza kufunga upya leso yake iliyokuwa imefungwa vizuri tu.

Mhudumu aligonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, akakifunga kitabu polepole ili ile karatasi isianguke.

Nasi hupiga kelele kwamba watoto wa siku hizi hawajali vitabu! Mimi niliondoka pale nikiutamani ule muhuri. Laiti siku aliyoondoka, kule uwanja wa ndege, wangemgongea na mama tarehe yake ya kurudi.